Neno “brumal” la Kiingereza: ni la baridi, la ukungu, au la ufupi wa mchana?

Mfasiri wa Tanga:

Wanajukwaa, heri zenu. Nimo katika kazi ya kufasiri insha ya Kiingereza kuhusu mji mmoja wa bandari wa kaskazini mwa Ulaya, na nimekwama kwenye neno ambalo sijapata kulisikia likitamkwa na mtu yeyote, nalo ni *brumal*. Mwandishi anaueleza mwanga wa saa nane mchana wa mwezi wa Desemba ukiwa juu ya maji na magati, kisha anauita mwanga huo *brumal*, na hasemi zaidi. Kamusi niliyo nayo inalieleza neno hili kwa ufupi mno, kwamba ni sifa ya kitu kinachohusu majira ya baridi, halafu inanielekeza kwenye *wintry* na *hibernal* kana kwamba hayo matatu ni ndugu wa tumbo moja.

Rasimu yangu ya kwanza ilisema “mwanga wa kipupwe”. Mhariri wangu aliirudisha akiwa ameandika pembeni kwamba msomaji wa Tanga akikutana na kipupwe ataona anga safi, upepo wa kusi na shuka la pili la kujifunika alfajiri, wala hataona kiza cha mchana. Nikaandika “mwanga wa baridi”, naye akaniuliza tangu lini mwanga ukawa na baridi. Rafiki yangu aliyesoma Kifaransa ananishauri niandike “mwanga wa ukungu”, kwa sababu Kifaransa kina neno *brume*, na *brume* ni ukungu. Lakini insha yenyewe inasema waziwazi kwamba siku ile hapakuwa na ukungu.

Ninaomba wenye ujuzi wanieleze neno hili lilitoka wapi, lilianza na maana gani, na kama ni kweli kwamba halina tofauti na *hibernal*. Nikilijua shina lake huenda nikapata pa kushika.

Mwanaseminari Mstaafu:

Ndugu Mfasiri, Kilatini nilifundishwa seminarini kwa miaka mingi, na ingawa upadre haukuwa fungu langu, lugha yenyewe haikunitoka. Swali lako lina jibu zuri kuliko kamusi yako inavyodokeza.

*Brumal* limetoka katika *brumalis* ya Kilatini, yaani “-a bruma”, na *bruma* kwa Warumi haikuwa baridi wala ukungu. Ilikuwa siku moja tu ya mwaka, ile ambayo mchana wake ni mfupi kuliko michana mingine yote. Wataalamu wa lugha wanaliona neno hilo kuwa ni mkato wa umbo la kale la *brevissima*, “iliyo fupi kabisa”, ambalo lilisindikiza neno *dies*, “siku”. Hili halikugunduliwa juzi. Varro, Mrumi aliyezaliwa mwaka 116 kabla ya Kristo na kuandika kitabu kikubwa kuhusu lugha ya Kilatini, alikwisha kueleza kwamba *bruma* imeitwa hivyo kwa sababu wakati huo siku ni fupi kupita zote. Varro alikuwa na tabia ya kubuni asili za maneno kwa kufuata mlio tu, na mara nyingi alikosea, ila hapa alipatia.

Jamaa za neno hili katika Kiingereza, kwa hiyo, ni *brief* na *abbreviate*, maneno ya ufupi. Wakatoliki wenzangu watalikumbuka jina la Breviari, kitabu cha sala za kila siku cha mapadre, ambacho kiliitwa hivyo kwa kuwa kilikusanya kwa ufupi sala zilizokuwa zimetawanyika katika vitabu vingi. Breviari na *brumal* wana babu mmoja, na babu huyo hajui habari za theluji.

Warumi walikuwa na sababu ya kuipa siku hiyo jina lake maalumu. Walihesabu saa kama tunavyohesabu sisi Waswahili, kuanzia jua linapochomoza, na saa ya kwanza ilikuwa ya kwanza ya mchana. Lakini waliugawa mchana katika mafungu 12 yaliyo sawa, uwe mrefu au mfupi. Mjini Roma mchana wa siku ya *bruma* una zaidi kidogo ya saa 9 zetu, na ule mrefu wa katikati ya mwaka unapita saa 15, kwa hiyo saa moja ya Mrumi ilikuwa kama dakika 45 wakati wa *bruma* na kama dakika 75 wakati wa joto. Mtu aliyeajiriwa kutwa nzima aliihisi *bruma* katika kazi yake kabla hajaihisi katika ngozi yake. Kalenda ya Julius Caesar iliiweka siku hiyo tarehe 25 Desemba. Aidha, neno *solstitium*, ambalo Waingereza wamelirithi kwa maana ya kila kituo cha jua, yaani siku ambayo mchana ni mfupi au mrefu kuliko yote, katika Kilatini cha kawaida lilitumika zaidi kwa kituo cha wakati wa joto. Cha wakati wa baridi kilikuwa na jina lake, *bruma*.

Baadaye maana ilipanuka. Kutoka siku moja ikawa kipindi kizima kinachoizunguka siku hiyo, na washairi wa Kilatini wakaitumia *bruma* kwa majira ya baridi kwa jumla. Mjini Constantinople, waliobaki wakijiita Warumi walisherehekea Brumalia kuanzia tarehe 24 Novemba kwa muda wa siku 24, kila siku ikipewa herufi moja ya alfabeti ya Kigiriki, na mtu aliwaalika rafiki zake kula siku ya herufi inayoanza jina lake. Maaskofu waliokutana katika mji huohuo mwaka 692 waliikataza sherehe hiyo kwa kuwa waliiona ni mabaki ya upagani. (Nimewahi kuwaza kwamba wenye majina yanayoanza na herufi za mwisho walivumilia njaa ndefu.)

Kiingereza kililipokea *brumal* mwanzoni mwa karne ya 16, wakati waandishi wa visiwa vile walipokuwa wakichota Kilatini kwa ndoo, nalo limebaki kuwa neno la vitabuni. Hutamkwa kwa mkazo kwenye silabi ya kwanza, “bruu”. Mvuvi wa Kiingereza halijui. Mwandishi wako amelichagua akijua kwamba wasomaji wake wengi watafungua kamusi, na nadhani amelichagua kwa sababu ya saa nane mchana uliyoitaja.

Msomaji wa Bukavu:

Ninamshukuru Mwalimu kwa maelezo yake. Ninaongeza kuhusu Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha tuliyosomea hapa kwetu, na kwa kuwa rafiki wa Mfasiri hakukosea kabisa. Alichokosea ni kudhani kwamba maana ya Kifaransa ni ya Kiingereza.

*Brume* ya Kifaransa ni mtoto halali wa *bruma*. Katika safari yake neno liliacha siku fupi, likachukua majira yenye siku hizo, na mwishowe likashika kile ambacho mtu wa Ulaya hukiona akifungua dirisha katika majira hayo: mvuke mweupe uliolala juu ya mashamba na maji. Kihispania na Kireno vimefuata njia hiyohiyo, na *bruma* katika lugha hizo mbili leo ni ukungu, hasa wa baharini. Kwetu Bukavu mwalimu wa shule ya msingi anapotaka kueleza *brume* hana haja ya picha, anaelekeza kidole kwenye Ziwa Kivu asubuhi, na watoto wanaelewa. Hakuna hata mmoja kati yao anayefikiria siku fupi, maana sisi tuko karibu na mstari wa ikweta na mchana wetu haubadiliki.

Historia imeliweka neno hili mahali pa kudumu. Wafaransa walipoutupa ufalme wao waliamua kutupa na kalenda pia, na mwaka 1793 walianza kutumia kalenda mpya ambayo majina ya miezi yake yalitungwa na mshairi Fabre d’Églantine. Mwezi wa pili wa kalenda hiyo, unaoangukia kati ya mwisho wa Oktoba na karibu tarehe 20 Novemba, aliuita *brumaire*, mwezi wa ukungu. Uliofuata aliuita *frimaire*, wa umande ulioganda, na uliofuata huo *nivôse*, wa theluji. Tazameni vizuri mpangilio huo. Mwezi wenye siku fupi kuliko zote ni *nivôse*, ambao huanza karibu na tarehe 21 Desemba, yaani siku ya *bruma* yenyewe! Fabre alikuwa amekwisha kusahau, au hakujali, kwamba *bruma* ilikuwa na siku yake, na jina akalipeleka mwezi mmoja na zaidi mapema kwa sababu alikuwa akifikiria ukungu tu. Kalenda hiyo iliishi miaka michache, ikaondolewa na Napoleon mwanzoni mwa mwaka 1806, lakini tarehe 18 *brumaire* ya mwaka wa 8 wa kalenda hiyo, yaani tarehe 9 Novemba 1799, ndiyo siku Napoleon alipoipindua serikali, na hadi leo wanahistoria wanaitaja kwa jina lake la zamani.

Kwa hiyo, ndugu Mfasiri, “mwanga wa ukungu” ungekuwa sahihi kama insha ingeandikwa kwa Kifaransa na kutumia *brumeux*. Kiingereza nacho kilichukua *brume* baadaye kwa maana ya ukungu, lakini *brumal* ilikuwa imekwisha kuingia kwa mlango mwingine.

Mpenda Kamusi, Nairobi:

Niruhusuni nitofautiane kidogo na Mwanaseminari. Asili ya neno na maana ya neno ni vitu viwili. Neno letu “gereza” lilitokana na *igreja* ya Kireno, ambayo ni kanisa, lakini mtu akiniambia ndugu yake yuko gerezani simuulizi ni misa ya saa ngapi. Hali kadhalika, Mwingereza wa leo anayeandika *brumal* huenda hana habari yoyote ya *brevissima*. Anachotaka ni neno zito lenye mlio wa chini, la kuonyesha majira ya baridi kwa kisomi. Kamusi inapolieleza hivyo haimdanganyi mtu.

Hata hivyo, nakubali kwamba *brumal* na *hibernal* si mapacha, na tofauti yao ni kubwa kuliko wengi wanavyofikiri, kwa sababu *hibernal* limetoka katika ukoo mwingine kabisa. Mzizi wake ni *hiems*, neno la kawaida la Kilatini kwa majira ya baridi, na ukoo huo umesambaa kutoka India hadi visiwa vya magharibi mwa Ulaya. Katika Kisanskriti *hima* ni theluji au jalidi, na Himalaya maana yake ni makao ya theluji. Warusi husema *zima*, Walithuania *žiema*, na Waajemi, ambao maneno yao mengi yamo katika Kiswahili chetu, huyaita majira ya baridi *zemestan*. Wagiriki waliita *khimaira* mbuzi jike mchanga, na wataalamu hulifasiri jina hilo kuwa ni mbuzi aliyepitisha baridi moja. Kutoka kwa mbuzi huyo ndipo likatoka jina la yule dubwana wa hadithi mwenye kichwa cha simba na mkia wa nyoka, ambalo Waingereza sasa hulitumia kwa ndoto yoyote isiyowezekana. Inastaajabisha kwamba mbuzi wa kijijini na milima mirefu kuliko yote duniani vimekutana katika mzizi mmoja wa baridi.

Warumi walikuwa pia na *hiberna*, kambi ambamo majeshi yalikaa wakati barabara hazipitiki, na kitendo cha kukaa humo waliita *hibernare*. Waingereza walilipokea hilo kama *hibernate*, wakalitumia kwa wanyama wanaolala usingizi mrefu wa baridi, na leo hata kompyuta huambiwa imefanya hivyo ikizimwa bila kufunga kazi zilizo wazi. Wanasayansi waliotoa majina ya Kilatini nao waliupenda ukoo huu, ndiyo maana ndege mdogo wa kijivu wa Amerika Kaskazini anaitwa *Junco hyemalis*, kwa kuwa watu wengi kule humwona baridi inapoingia. Jina la Hibernia, ambalo Warumi walikiita kisiwa cha Ireland, halimo katika ukoo huu kwa damu. Lilitokana na jina la wenyeji ambalo Wagiriki waliliandika *Iouernia*, na Warumi wakalipinda lifanane na *hibernus* kwa kuwa walikidhani kisiwa hicho kuwa ni cha baridi tupu.

Bado kuna jambo moja linaloniingiza katika mashaka dhidi ya hoja yangu mwenyewe. Mwaka 1965 mtaalamu wa wanyama wa Marekani, Wilbur Mayhew, aliyekuwa akichunguza mijusi wa jangwa la California, aliona kwamba usingizi wa wanyama wenye damu baridi si sawa na ule wa mamalia, akapendekeza uitwe *brumation*. Mjusi au kobe aliye katika hali hiyo anaweza kuamka siku yenye joto kidogo, akanywa maji, kisha akarudi kutulia. Kwa hiyo maneno hayo mawili, yaliyokuwa yakikaa pamoja kamusini kama wapangaji wa chumba kimoja, sasa yametengana rasmi walau katika chumba cha sayansi.

Tukiliacha hilo, pendekezo langu kwa Mfasiri ni kwamba aandike “mwanga wa majira ya baridi” na kuendelea na aya inayofuata.

Binti wa Lamu:

Mwenzetu wa Nairobi ana haraka. “Majira ya baridi” ni maneno ya kitabu cha jiografia, na msomaji akiyaona ataelewa lakini hataona kitu.

Tatizo, kwa maoni yangu, linaanzia kwetu. Kila mfasiri wa pwani aliyewahi kukutana na *winter* amelazimika kuazima jina la upepo au la mvua, na matokeo yake si mamoja. Katika Biblia ya Union Version, Mwanzo 8:22, majira ya joto na ya baridi yamefasiriwa “kaskazi na kusi”, na hapo mwenye kujua pepo zetu atakubali, kwani kaskazi huvuma kwenye joto la Desemba hadi Machi na kusi huleta ubaridi wa katikati ya mwaka. Lakini katika Wimbo Ulio Bora 2:11, pale mpenzi anapoambiwa kwamba baridi imekwisha na mvua imekoma, wafasiri wa kitabu hichohicho wameandika kwamba kaskazi ndiyo iliyopita. Neno moja, kitabu kimoja, likawa joto ukurasa huu na baridi ukurasa ule. Siwalaumu. Sehemu ya kwanza walifuata hali ya hewa ya kwetu, ya pili pengine walifuata kalenda, na vyote viwili ni ukweli.

Kwa upande wa Waislamu hali si bora. Kila mtoto aliyekaa chuoni amehifadhi sura ya Quraishi, na humo mna safari ya *shitai* na ya *swaifi*, ya baridi na ya joto. Tumeisoma mara ngapi? Na bado *shitai* haikuingia katika Kiswahili, ilhali *baridi* na *theluji* zimeingia kutoka lugha hiyohiyo ya Kiarabu, na *barafu* kutoka kwa Waajemi. Tumechukua majina ya vitu vya baridi tukaacha jina la majira yake, na sababu iko wazi: vitu vinaweza kupakiwa chomboni, na majira hayapakiki.

Sisi wenyewe tunayo desturi inayofanana na ya Waingereza wa kale, ambao waliihesabu miaka kwa baridi. Katika utenzi wao wa Beowulf shujaa anatawala “baridi hamsini”, na maana yake ni miaka hamsini. Warusi nao wanapohesabu miaka mingi hutumia neno la majira ya joto. Huku kwetu Lamu na Mombasa, wazee wakisema “mvua za mwaka” wanakusudia zile mvua kubwa ambazo kwingine huitwa masika, na kwao “mwaka” wenyewe ni jina la msimu. Kila watu wamehesabu umri wao kwa kile walichokiogopa au walichokingoja.

Kuna kisa kimoja ambacho ningependa Mfasiri akifikirie. Mmisionari Johannes Rebmann, alipouona mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, aliona kileleni kitu cheupe kinachong’aa akakidhania wingu. Akamuuliza kiongozi wake wa njia, naye akamjibu kwa neno moja tu, “baridi”. Rebmann aliandika kwamba alitambua papo hapo kuwa ile ni theluji, na huko London mwanajiografia William Desborough Cooley alimkatalia kwa miaka mingi, akishikilia kwamba theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta. Yule kiongozi hakuwa amekosa neno. Alikitaja kitu kwa kile kinachomfanyia mtu anayekisogelea. Mwandishi wa insha yako amefanya kinyume chake, kwani amekwepa kutaja baridi akautaja mwanga, kwa hiyo ukimrudishia “baridi” unamwekea mdomoni neno aliloliepuka.

Mhamiaji wa Oslo:

Nimesoma mazungumzo haya kwa hamu, kwa sababu nimeishi Norwe kwa miaka kumi na minne, na ninaweza kueleza kinachoitwa *brumal* bila kufungua kamusi yoyote.

Ndugu zangu walio nyumbani huniuliza kila mara kama nimeizoea baridi. Baridi ilinichukua mwaka mmoja. Mtu hununua koti zuri, huvaa soksi za sufu, na nyumba za huku zina joto kuliko nyumba za Arusha mwezi wa Julai. Jambo ambalo sijalizoea ni mchana. Hapa Oslo, kwenye siku fupi kuliko zote, jua hukaa juu kwa muda usiofika saa sita, na hata linapokuwa juu halipandi. Linatembea pembeni mwa anga kama mgeni anayeogopa kuingia ndani. Saa sita mchana kivuli changu huwa kirefu kama kile cha magharibi huko kwetu. Mwanga unatoka ubavuni, una rangi ya chai isiyokolea, na mtu anapoutazama anajua kwamba unaondoka. Dar es Salaam tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka mzima haifiki saa moja, na ndiyo maana saa yetu ya Kiswahili inaweza kuanza alfajiri na isimpotoshe mtu. Ningewaambia majirani zangu wa hapa kwamba saa kumi na mbili asubuhi ndilo jua linachomoza, wangecheka kuanzia Oktoba hadi Machi.

Baridi kali haiji siku ile. Huja baada ya wiki kadhaa, mara nyingi Januari au Februari, wakati mchana umekwisha kuanza kurefuka, kwa sababu ardhi na bahari hutoa joto lake polepole na huendelea kupoa hata baada ya jua kugeuka. Zipo Desemba zisizo na theluji hata chembe, mvua inanyesha, na kiza ni kilekile. Kwa mwenye kuishi huku, ufupi wa mchana na ukali wa baridi ni mitihani miwili inayokuja kwa zamu, na hapo ninamuunga mkono Mwanaseminari dhidi ya Mpenda Kamusi, ingawa hoja ya gereza imenifurahisha. Watu wa Tromsø, huko kaskazini ya mbali, ambako jua halionekani kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, wana jina la kipindi hicho, *mørketid*, na maana yake ni wakati wa kiza. Hawakuuita wakati wa baridi, japo wanayo ya kutosha.

Onyo moja kwa Mfasiri: usiandike “mwanga wa siku fupi”. Katika Kiswahili siku ina usiku na mchana ndani yake, na siku fupi itasomwa kama siku chache, kana kwamba mwanga huo ulidumu kwa siku mbili tatu. Kinachofupika ni mchana.

Mfasiri wa Tanga:

Sikutarajia kupata haya yote kwa swali la neno moja, na ninawashukuru. Nimerudi kwenye insha nikaisoma upya nikiwa na maelezo ya Mhamiaji, na nimeona kwamba kabla ya kufika kwenye *brumal* mwandishi ametaja taa za barabarani ambazo zilikuwa tayari zimewashwa, na vivuli vya winchi za bandarini vilivyolala hadi ng’ambo ya gati. Nilikuwa nimevifasiri vivuli hivyo bila kujiuliza kwa nini ni virefu saa nane mchana. Hakuna popote katika aya hiyo ambapo mtu anatetemeka au anavuta koti.

Nimejaribu “mwanga wa mchana mfupi”. Ni sahihi, lakini ni mkavu. Je, Binti wa Lamu ana neno la kunisaidia?

Binti wa Lamu:

Jaribu kitenzi badala ya sifa. Sisi husema jua limekuchwa, na kutoka hapo tumepata “kutwa”, mchana mzima mpaka jua linapozama. Andika “mwanga wa jua linalowahi kuchwa”. Ufupi umo, kiza kinachokuja kimo, na hakuna upepo wala mvua tuliyoiazima.

Mpenda Kamusi, Nairobi:

Ninakubali kwamba maneno hayo ni mazuri, na ninaondoa pendekezo langu. Hata hivyo, zingatieni kwamba kuna kitu kimepotea. *Brumal* ni neno adimu ambalo msomaji wa Kiingereza hujikwaa kwalo, na kujikwaa huko ni sehemu ya kazi ya mwandishi. “Linalowahi kuchwa” litaeleweka na kila mtu kuanzia Lamu hadi Kilwa, na hakuna atakayejikwaa.

Mfasiri wa Tanga:

Vijana wengi wanaosoma jarida letu husema “kuzama” na si “kuchwa”, kwa hiyo huenda wakajikwaa bila ya mimi kuwatega. Nimempelekea mhariri sentensi hiyo jioni ya leo. Amejibu kwamba anaipokea, na ameuliza kama ninaweza sasa kuirekebisha aya ya tatu, ambako ameona nimeandika kwamba mabaharia “walilala usingizi wa majira ya baridi”. Nimefungua asili: neno ni *hibernate*, na linahusu meli zilizofungwa gatini hadi barafu iyeyuke.